Mtandao wa Fundi Cherehani

Saa tatu asubuhi. Chumba cha nyuma ya gereji, kinanuka oili chafu.

Msumari, mkuu wa genge, alitaka simu zote za wenzake. Zikaingia kwenye ndoo ya plastiki, moja moja. Ndiyo sheria yake: kazini hakuna simu, maana simu husema ulikuwa wapi.

Mpango aliueleza mara moja. Sonara hufunga duka saa saba kwenda kula. King'ora chake huzimwa kwa intaneti, na karani wake aliyefukuzwa kazi ameshawapa namba za siri. Msumari atakaa garini na kompyuta. Dada yake kwenye usukani. Kijana wao Antena mlango wa nyuma, na mtaimbo. Taa nyekundu juu ya mlango ikizimika, avunje.

"Intaneti ya nani?" dada mtu akauliza.

Msumari akamwonyesha Antena kwa kidevu.

Antena aliacha chuo mwaka wa tatu. Siku zote hizo alikuwa anazunguka mitaa ile, kompyuta mapajani, anasaka mitandao isiyo na neno la siri. Mchezo wake wa zamani huo. Akikuta ulio wazi, hupenyeza kikaratasi chini ya mlango: *Mtandao wako uko uchi, uvalishe.* Kuingia hajawahi. Kuchungulia, alikuwa akisema, hakumuumizi mtu.

Pale kwa sonara aliupata mmoja tu. Wa fundi cherehani wa jirani.

"Polisi wakifuatilia wataishia kwake," Antena alisema.

"Ndiyo raha yake, profesa."

"Mama wa watu atafungwa."

"Atawashonea wafungwa wenzake sare."

Dada mtu alicheka. Msumari akamshika Antena shingo, akamgongesha ukutani taratibu, kama anayetundika picha. Akamuuliza kama ana swali jingine.

Saa sita na nusu. Antena alisema anatangulia kukagua uchochoro. Mlangoni kwa fundi akaing'oa zipu ya suruali yake mwenyewe, akaingia kaishikilia kwa mkono.

Fundi alimtazama juu ya miwani. "Mwanangu, hiyo imekufa au umeiua?"

Alimpa kipande cha pazia ajifunge, akaanza kazi. Ngazini wanafunzi wa ghorofani walikuwa wanajisomea kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka. Antena akamshauri mama aufunge mtandao wake, watu wabaya wapo.

"Wanaoutumia ni hao. Nikifunga, wakasomee wapi?"

"Leo tu, mama."

"Suruali yako tayari. Vaa, uache kunipangia kwangu."

Akavaa. Akaazima kompyuta ya wanafunzi, kidogo tu. Kisanduku cha mtandao bado kilikuwa na namba za siri za kiwandani. Safari hii aliingia. Akaufunga, akaupa jina jipya, akatoka kabla hawajapiga kelele.

Saa saba. Sonara aliondoka. Antena alisimama uchochoroni na mtaimbo, macho juu. Taa haikuzimika.

Garini, Msumari alisaka mtandao wa fundi, hakuuona. Ulikuwepo mmoja tu, unadai neno la siri. Jina lake: NIMESHAVAA. Alilisoma mara mbili. Alivijua vile vikaratasi. Mtandao mwingine hakuna, na simu ziko kwenye ndoo.

Akashuka na bastola, akamfuata Antena uchochoroni.

"Umefanya nini?"

"Nimefunga."

Kitako cha bastola kilimvunja jino. Antena alianguka, akainuka, akaupiga mlango wa sonara kwa mtaimbo, kwa nguvu zote. King'ora kikaamsha mtaa mzima.

Msumari alikimbilia gari. Dada yake alimwona anakuja. Akatia gia, akaondoka bila yeye. Walinzi wa benki ya upande wa pili wakamlaza Msumari kifudifudi barabarani.

Antena hakukimbia. Alikaa chini anatema damu. Polisi walikuwa wanamfunga Antena pingu, mara fundi akatokea, futi ya kupimia nguo shingoni, amefura.

"Wewe wa zipu. Umeufanyaje mtandao wangu? Watoto wana mtihani."

"Neno la siri ni zipunyeusi," Antena alisema. "Herufi ndogo zote, mama. Wape hao hao tu."