Nilinyamaza Ili Hita Yake Imuumbue

"Mwalimu, huyu mwanamke nusura aue mtu! Usimruhusu aguse gesi hapa!"

Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa bwawa, futi mkononi. Nikageuka.

Injinia!

Jamani... miaka mitano sijamtia machoni huyo mtu. Ilibaki kidogo nitumbukie majini na nguo zangu.

Nyuma yake kulikuwa na kina mama kama kumi, wengine na watoto mgongoni, wengine wanasukuma viti vya magurudumu. Wote wakanikodolea macho kama nimetoka jela.

"Ni kweli?" Mwalimu akaniuliza.

Mwalimu ndiye mwenye kituo. Zamani alifundisha kuogelea, sasa ana bwawa la maji ya uvuguvugu. Watoto wenye shida ya miguu na wazee waliopatwa na kiharusi hufanya mazoezi humo. Hita yake ya gesi ya kupashia maji ilikuwa imekufa, ndiyo maana akaniita nimchagulie nyingine.

"Si kweli," nikasema.

"Karatasi ina jina lake!" Injinia akacheka. "Muulizeni habari za jimu."

Sasa ngoja niwaambie habari za jimu.

Injinia alikuwa bosi wangu. Siku moja tulikwenda kufunga hita kwenye bwawa la jimu moja, nyumba ya mazoezi, nikakuta bomba la moshi linaishia mle mle ndani. Nikamwambia, Bosi, hii siwashi. Akaniambia nenda nyumbani, unajifanya unajua sana.

Akaiwasha yeye.

Kesho yake mwanamke mmoja akadondoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hewa ya sumu. Alilazwa wiki tatu. Kwenye karatasi za kazi, sehemu ya fundi, kulikuwa na jina langu... na sahihi ambayo sikuiweka mimi!

Nikafukuzwa. Mteja gani atakuita? Mama mkwe wangu aliniuliza tukiwa mezani, mbele ya wageni, "Hivi yule mama alipona?" Nikaondoa sahani yangu mezani. Mwaka mzima nilikuwa nasafisha majiko ya majirani, tena kwa kuonewa huruma.

Kwa hiyo siku ile pale kwa Mwalimu nilipima bwawa machozi yakinilenga, lakini nilipima.

Mita kumi kwa tano, kina cha kiunoni. Hapo hita ya ukubwa wa kati inatosha kabisa. Unawasha siku mbili tatu, unafunika bwawa jioni lisipoteze joto, basi.

Nikaifungua hita ya zamani. Mabomba yake ya shaba yalikuwa yameliwa, matundu matundu. Kwa nini? Dawa ya klorini ilikuwa inaingia kabla ya maji kufika kwenye hita, kwa hiyo hita ilikuwa inakunywa dawa kali kila siku. Ukileta mpya bila kuhamisha mpira unaopitisha hiyo dawa, nayo inakufa vile vile.

Kisha nikaangalia chumba cha mitambo. Dirisha limezibwa kwa ubao. Bomba la moshi jembamba. Na ukuta wake, upande wa pili, ni chumba cha watoto kubadilishia nguo.

Nikaandika yote hayo kwenye daftari langu. Nikamwonyesha Mwalimu, akasema ataangalia baadaye.

Siku mbili baadaye Mwalimu akapiga simu.

"Kazi nimempa Injinia. Analeta hita kubwa kuliko zote, anasema maji yatapata moto kwa saa chache tu. Wiki ijayo tunafungua bwawa upya, wazazi wote watakuja."

"Bomba la moshi anabadilisha?"

"Anasema la zamani linafaa. Kwani kuna tatizo?"

Hapo ndugu zangu... hapo ndipo nilipomkaribisha shetani nikamvutia na kiti.

Hita kubwa kwenye bomba jembamba haiwezi. Moshi utakosa njia, utarudi ndani, na sensa ya usalama, kile kifaa cha kugundua moshi unaorudi, itaizima. Itawaka, itazima. Itawaka, itazima. Siku ya ufunguzi! Mbele ya wazazi wote! Nikamwona Injinia jasho linamchuruzika, anapiga hita makofi, watu wanamzomea...

"Hakuna tatizo, Mwalimu," nikasema. "Nakutakia kila la heri. Siku ya ufunguzi nitakuja kuangalia."

Nikakata simu, nikacheka peke yangu jikoni. Nikaenda kununua gauni. Msinihukumu. Miaka mitano nimeitwa muuaji, na mimi nilitaka siku moja tu nipake wanja niketi mstari wa mbele nimwangalie mtu akiumbuka!

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi niko mbele ya kioo, gauni limenikaa vizuri. Nikafungua simu.

Injinia ameweka picha mtandaoni. Amejipiga mwenyewe, kidole gumba juu, hita inawaka nyuma yake. "Mtambo mpya! Maji moto tangu alfajiri!"

Nikashangaa. Tangu alfajiri? Mbona haijazima?

Nikaivuta picha karibu. Nikaikuza.

Kulikuwa na waya mwekundu, mfupi kama kidole. Umeunganishwa kutoka upande mmoja wa sensa hadi wa pili.

Nikaitazama mara ya pili.

Alikuwa ameipiga chenga sensa! Hita haitazima tena hata chumba kijae sumu. Na sumu yenyewe haina rangi wala harufu.

Nikapiga simu kwa Mwalimu. Haipokelewi. Nikapiga tena... haipokelewi!

Nikachukua kipima hewa changu, nikatoka mbio na gauni langu, kiatu kimoja kikabaki ngazini. Kwenye teksi nilikuwa nalia. "Mama, umefiwa?" dereva akaniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Endesha!"

Nilipofika, maputo yamefungwa getini, muziki unalia. Nikapita moja kwa moja hadi nyuma ya chumba cha mitambo, nikafunga koki ya gesi. Kisha nikasukuma mlango wa watoto.

Watoto wanane walikuwa humo na mama zao, wanavalishwa nguo za kuogelea. Kabinti kamoja kalikuwa kameinamisha kichwa kwenye mapaja ya mama yake.

"Mama, kichwa kinaniuma..."

"Tokeni nje! Wote! Sasa hivi!"

Kipima hewa kikaanza kupiga kelele mkononi mwangu. Pii! Pii! Pii! Hata asiyejua kusoma angekielewa. Kina mama walibeba watoto wao, wengine walibeba hadi wa wenzao.

Injinia akaja mbio, tai shingoni. "Nani amefunga gesi yangu? Si nilisema huyu mwanamke asiingie hapa!"

Nikamkabidhi kile kipima hewa.

"Kishike. Kama chumba chako ni salama, ingia. Jifungie humo dakika kumi, sisi tunakusubiri hapa."

Hakusogea.

"Ingia, Injinia!"

Akarudi nyuma hatua moja. Kila mtu aliiona hatua ile. Nikwambie ukweli msomaji? Ilikuwa tamu kuliko nilivyoota.

"Kuna waya pale kwenye sensa," nikawaambia wazazi. "Ameufunga yeye ili hita isizime ikijaa moshi."

"Waya, waya!" akafoka. "Mnafanya waya kuwa kesi! Mimi nafunga hivyo miaka yote! Hata ule mtambo wa jimu niliufunga hivyo hivyo, na mbona hakufa mtu?"



Mtu akazima muziki.

Mwalimu akasogea mbele polepole.

"Wa jimu ulifunga wewe?"

Injinia akaanza kulegeza tai.

"Nakuuliza wewe. Mtambo wa jimu ulifunga nani?"

Kisha akanigeukia mimi.

"Dada... yule mwanamke aliyedondoka jimu ni mimi."

Nikakaa chini hapo hapo kwenye vigae. Miaka yote ile sikuwahi kuiona sura ya yule mgonjwa.

"Nililitunza jina lako miaka mitano," akasema. "Nilikuita hapa makusudi. Nilimtafuta na huyu, nikampangia siku ile ile, ili akuumbue mbele za watu. Kazi nilikuwa nimeshampa hata kabla hujapima. Nilitaka uonje."

Mimi nilijua kuhusu bomba la moshi nikanyamaza. Yeye hakutaka hata kuangalia daftari langu. Kila mmoja alikuwa na kisasi chake, na katikati yetu kulikuwa na watoto wanane.

Wote walipelekwa hospitali. Kabinti kale kaliwekewa hewa safi, kakarudi nyumbani jioni. Injinia wakaguzi walimnyang'anya leseni, na kesi ya ile sahihi ya kughushi inaendelea. Sijamsamehe. Siku ya kesi huwa nawahi kiti cha mbele.

Lakini wazazi walituita, mimi na Mwalimu, tukasimama mbele yao. Nikawaambia nilijua na nilinyamaza. Mama wa kabinti kale aliniangalia muda mrefu, akachukua mkoba wake, akatoka. Mtazamo ule nalala nao hadi leo.

Baadaye Mwalimu alinipa kazi. Nikafunga hita ya ukubwa wa kati, bomba la moshi jipya lililotoka juu ya paa, nikang'oa ubao dirishani, nikahamisha mpira wa klorini ukawa baada ya hita. Siku ya tatu maji yalifika joto lake.

Wewe unayesoma hapa na una mtu unamsubiri aanguke... sikuambii umpende. Mimi mwenyewe nimeshindwa. Ila kabla hujanyamaza, chungulia kwanza nani amesimama chini yake.

Mimi na Mwalimu si marafiki. Kila Jumatatu naenda kupima hewa kabla watoto hawajaingia, ananifungulia mlango, tunasalimiana. Siku zote mimi ndiye ninayeingia wa kwanza.