Mkono wa Lindaura

Asubuhi ya sikukuu ya Yemanja, bibi wa bahari, kijiji kizima cha pwani ya Bahia, Brazili, kilinukia marashi na mafuta ya mawese. Lindaura alikuwa akipanga maua kwenye kapu la zawadi, roho inamuuma. Miaka yote kapu hilo alilibeba yeye. Safari hii wanawake walimpa Edileuza, mke wa kaka yake, mtu wa kuja juzi tu asiyejua hata kufungua chaza.

Alfajiri, maji yalipokupwa, Lindaura alikuwa ameokota konokono mwambani, yule wa gamba la madoa ya kahawia lililochongoka. Ni mzuri wa kutazama, lakini huchoma samaki kwa mwiba wa sumu na kummeza angali hai. Waokota kombe wa pale humkwepa, maana hata mtu sumu yake humtia ganzi, pengine humuua. Yeye akamficha chini ya maua. Desturi aliijua: mbebaji huingiza mkono kapuni na kulikandamiza mpaka lizame, maana likielea, bibi amekataa. Alijiambia anataka Edileuza apige yowe tu, aumbuke mbele za watu. Alijidanganya.

Edileuza akaingia baharini hadi kifuani. Ngoma zikanyamaza. Akazamisha mkono. Hapo Lindaura akakiona alichokifanya, akatamani kumzuia. Aibu ikamziba mdomo.

Kapu likazama. Watu wakashangilia. Edileuza akatoka majini polepole, akamwendea Lindaura moja kwa moja.

"Wifi," alinong'ona, "kuna mtu kanishika mkono mle kwenye maua."

"Nani?"

"Simjui. Mkono wake wa baridi. Kanipa hiki, kasema nikurudishie mwenyewe."

Akafumbua kiganja. Gamba. Tupu. Kavu kabisa.

Lindaura alilipokea macho chini. Vidole vikaanza kufa ganzi, kimoja baada ya kingine. Daktari alitafuta jeraha, hakuliona.

Mkono ule haukupona. Edileuza hajawahi kumuuliza neno. Kila asubuhi huja kumwogesha na kumchana nywele, na Lindaura hulia kwa aibu, asithubutu kumwambia. Tangu siku ile hajakanyaga ufukweni. Lakini kitana kikipita nywelini mwake, hudondoka maji ya chumvi na mchanga mbichi.

Edileuza huufuta sakafuni, kisha huendelea kuchana.