Rufaa Hakuna

Lilikuwa neno moja tu, fupi, na lilitoka pale ambapo hapakuwa na mtu wa kulisema.

Twaiba alikuwa studioni Ukunda, saa tatu asubuhi, akisikiliza kipindi chake cha Jumatatu iliyopita. Kila Jumatatu saa nne aliiweka kizimbani sehemu mpya ya *Mpelelezi Luqman*, mchezo wa televisheni ulioanza yeye angali shule ya msingi na ambao mpaka leo haujui kuchoka. Aliichambua, akaicheka, akaipa alama zake kati ya kumi, kisha akagonga meza kwa mwiko mdogo wa mbao na kusema maneno ambayo hata wauza madafu wa Diani waliyajua kwa moyo: "Nimehukumu. Rufaa hakuna!"

Akajisikia akiyasema hayo kwenye hedifoni. Mwiko ukagonga. Na kabla muziki haujaanza, sauti ya chini, ya mtu aliyekaa karibu sana na maiki, ikajibu:

"Ipo."

Akarudisha nyuma. "Rufaa hakuna!" Ko. "Ipo."

Akamwita Judy, mtayarishaji wake, msichana wa Nakuru aliyeletwa pwani na kazi akabakizwa na samaki wa kupaka. Judy akavaa hedifoni, akafumba macho, akasikiliza mara mbili.

"Sisikii kitu. Ni wewe unapumua, manze. Wacha kuogopa pumzi yako."

Twaiba akacheka, maana kucheka kulikuwa ndiyo kazi yake. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alijua nguo ipi.

Wiki saba nyuma, watengenezaji wa *Luqman* walikuja kurekodi huku kwetu. Katika sehemu hiyo maiti inaokotwa ufuoni karibu na Chale, na shahidi pekee ni bibi mmoja mwenye pepo. Mpelelezi anaagiza apigiwe ngoma ili pepo mwenyewe amtaje muuaji. Kumtafuta bibi wakafika Msambweni, wakaupenda uso wa Bi Mwanapili, muuza viazi vya karai ambaye hajawahi kuigiza hata sikitiko la msibani. Wakaleta wapiga ngoma wa kweli na ubani wa kweli, kwa sababu watu wa Nairobi hupenda mambo halisi, hasa yale wasiyoyajua.

Twaiba aliipa sehemu ile alama mbili. Ngoma ilivuma juu kupita kiasi, na maneno ya bibi hayakusikika, midomo tu ilikuwa ikicheza. "Mama wa watu anauza viazi vya karai," alisema hewani, "sasa naona kimoja alikisahau mdomoni. Mbwi-mbwi-mbwi-mbwi!" Akamwiga, kichwa kikiyumba. Wasikilizaji walikufa kwa kicheko. Wakaomba arudie Jumatatu iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka *mbwi-mbwi* ikawa ndiyo nembo ya kipindi, na watoto wa Msambweni wakawa wakipita mlangoni pa Bi Mwanapili wakimwimbia.

Hilo halikuwa kosa kubwa. Kosa kubwa alilijua peke yake. Usiku wa kuamkia hukumu ile alikuwa ameisikiliza sehemu hiyo kwa hedifoni nzuri za studio, akairudisha mara tatu, na chini ya ngoma akayapata maneno ya bibi, yote, safi:

"Siigizi. Jamani, siigizi. Yuko ndani yangu. Nitoeni."

Akavua hedifoni. Alijiambia kwamba huenda ndivyo ilivyoandikwa. Alijiambia kwamba yeye ni mtangazaji, si mganga. Lakini ukweli ni kwamba mzaha wa kiazi alikuwa ameshauandika, na ulikuwa mzuri, akauonea uchungu kuutupa.

Kisha akaja Mwanarusi, binti wa Bi Mwanapili. Alingoja kwenye ngazi za redio tangu asubuhi, buibui limejaa vumbi la barabara.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu."

"Sitakaa. Mama tangu siku ile ya kamera hasemi. Ameelekea ukutani, hali ila kwa kulishwa. Nataka tumtafutie tiba, kaka zangu hawataki. Wasema ati anaendeleza mchezo, amenogewa. Kaka mkubwa asema, hata Twaiba wa redioni ametamka kuwa ni maigizo, tena mabovu. Wewe una vifaa vya kusikilizia. Nakuuliza kwa haki ya Mungu, dada. Mama alikuwa akisema nini?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Twaiba aliuona ukweli uko mdomoni mwake, tayari, na pamoja nao akaiona aibu: kwamba alisikia mwanamke akiomba kuokolewa, akamgeuza kichekesho.

"Sikusikia kitu," alisema. "Alikuwa akimumunya tu."

Mwanarusi akashukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo lililomchoma Twaiba kuliko yote. Na tangu jioni ile hedifoni zake zikaanza kunuka ubani.

Sasa, baada ya lile neno *Ipo*, alirudi nyumbani adhuhuri akiwa na sehemu mpya ya kuhukumu. Akafungua kompyuta juu ya meza ya chakula, mlango wazi, jua kali nje, jirani akitwanga kitu. Mambo yote yalikuwa ya mchana na ya kawaida. Sehemu ile ilihusu wizi wa benki huko Nairobi: Luqman na koti lake, foleni ya wateja, na nyuma kabisa, kwenye viti vya kungojea, bibi kizee aliyejifunga leso, ametazama kamera.

Twaiba akasimamisha picha. Benki ya Nairobi, watu wote wamevaa makoti, huyu na leso.

Akarudisha nyuma. Bibi sasa alikuwa kiti cha mbele zaidi.

Alijua hapaswi kurudisha tena, lakini miaka minane ya kazi ya kurudisha nyuma na kutazama upya ilikuwa imeuzoesha mkono, na mkono ukarudisha, na bibi akawa nyuma tu ya bega la Luqman, midomo ikicheza, na Luqman akiendelea kumhoji mlinzi wa benki pasipo kugeuka, na mkono ukarudisha tena, na sauti za benki zikaanza kuzama chini ya ngoma ambayo haikuwamo, ngoma ya mbali halafu ya karibu halafu ya chini ya meza ile ile aliyoegemea, na leso ikajaa kioo chote, nyekundu na nyeusi, hata yale maandishi ya jina la leso pale chini ambayo mwanzo yalikuwa madogo kama mchwa yakawa yanasomeka, herufi moja baada ya nyingine, naye akayasoma kwa sauti bila kutaka, kama mtoto wa chuo cha Kurani mbele ya fimbo: ULISIKIA UKANYAMAZA.

Akaifunga kompyuta. Jirani aliendelea kutwanga.

Akampigia Judy. "Ile foleni ya benki. Umemwona bibi mwenye leso?"

"Bibi gani? Ni wasee wa suti tu pale. Twaiba, uko sawa kweli?"

Hakuwa sawa. Siku ya pili alikwenda Ramisi kwa Maalim Jaafar, mzee aliyepima miwa kwenye mizani ya kiwanda miaka ishirini kabla ya kushika uganga, na ambaye bado aliwatazama watu kwa namna ile ile, kukisia uzito. Akamkaribisha barazani, akaleta vikombe viwili vya kahawa, akaviweka vyote upande wa Twaiba.

"Cha pili ni cha nani, Maalim?"

"Wewe kunywa chako."

Twaiba akamweleza yote, hata lile la kiazi, hata lile la Mwanarusi. Alilia. Maalim hakumbembeleza.

"Ngoma ya kumwita pepo ina ya kumrudisha," alisema. "Mumemwita kwa ngoma, halafu mtu akapiga kelele, 'Kata!', mukakunja nyaya mukaenda kula. Pepo hajui *kata*. Akabaki pale alipoitwa."

"Mimi sikuwako, Maalim."

"Wewe ndiwe uliyetia komeo. Sikiliza, mwanangu. Huyu ni wa aina yake. Hakai kwa mtu anayeaminiwa. Bi Mwanapili alisema, 'Siigizi.' Lau mtu mmoja angelisadiki siku ile, akasema mbele ya watu, angelitoka kabla ya alasiri. Aliyesikia ni wewe peke yako. Ukasema anamumunya, dunia nzima ikakuamini wewe, isimwamini yeye. Hapo akapata nyumba."

"Niandikie kombe la aya, ninywe."

"Kombe nitamwandikia mgonjwa. Dawa yako wewe ni mdomo wako." Akainamia mbele, akashusha sauti. "Jumatatu, saa nne, pale pale uliposemea uongo, sema kweli. Yote. Usitie chumvi, na usicheke. Ukicheka hata kidogo, hawatakusadiki. Na asiyesadikiwa ndiye nyumba yake."

Twaiba alipoinuka kuaga, kikombe cha pili kilikuwa kimebaki machicha.

Jumatatu ikafika. Mwanarusi alikuwa ameletewa kombe na maagizo ya Maalim: saa nne kamili redio iwe kichwani pa mama. Twaiba alikuwa ametawadha, amesali rakaa mbili kwenye ukumbi wa redio, akaketi. Upande wa pili wa kioo Judy akainua kidole gumba. Simu ya kipindi ilikuwa tayari inatetemeka kwa jumbe. *Dada Twaiba, tupe mbwi-mbwi!*

"Leo," alianza, na sauti ilikuwa imara kuliko alivyotarajia, "sina sehemu mpya. Leo naiweka kizimbani hukumu yangu mwenyewe."

Judy akakunja uso nyuma ya kioo. Simu ikatetemeka. *Hahaha leo kuna mpya.* *Mbwi-mbwi bwana!*

"Wiki zilizopita niliwaambia kwamba Bi Mwanapili wa Msambweni..." Akanyamaza. Redioni sekunde tatu za kimya ni ndefu kama foleni ya kivuko. Aliwaza kaka zake Mwanarusi watakavyokuja juu. Aliwaza sokoni Ukunda, watu wakigeuka: yule pale, alimsikia mwanamke akiomba msaada, akamfanya kichekesho. Hamu ya kusema kweli alikuwa nayo, Mungu shahidi, ila aliitaka kweli isiyomgharimu. Judy akazungusha mkono: sema, sema. Na ulimi, uliozoea njia yake, ukaishika.

"...kwamba namwona anastahili alama mbili. Jamani, nilimpunja! Tumwongezee mbili nyingine, za kile kiazi."

Akacheka. Alicheka kidogo tu.

Ubani ukajaa chumba. Hedifoni zikapata joto masikioni, joto la viganja, na kiti alichokalia kikadidimia kama mtu wa pili ameketi juu yake taratibu, kwa adabu, mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu, na Twaiba akataka kusema ngojeni, sijamaliza, nilisikia, nilisema uongo, akaufungua mdomo akayatafuta maneno hayo moja moja kama mtu anayepapasa funguo gizani, akakuta yameondolewa, yote, akaachiwa mengine manne matano ambayo hayakuwa yake, na ngoma ikaanza ndani ya mbavu zake, na kichwa chake, pasipo yeye kukituma, kikaanza kuyumba vile vile alivyokiyumbisha wiki zote zile kuwachekesha watu.

"Siigizi," alisema hewani. "Jamani, siigizi. Yuko ndani yangu. Nitoeni."

Nyuma ya kioo Judy alikuwa ameinama, anajishika tumbo kwa kicheko. Simu ikatetemeka mpaka ikaanguka mezani. *Leo amempatia!* *Hii ndiyo bora kupita zote!* *Kumi!* Machozi yalimtoka Twaiba, na Judy akayaona, akampigia makofi. Kisha akafungua maiki ya upande wake.

"Wasikilizaji, leo mimi ndiye hakimu," alisema akihema. "Twaiba, kumi kwa kumi. Na rufaa hakuna!"

Msambweni, saa nne na dakika tisa, Bi Mwanapili aligeuka kutoka ukutani. Akaketi mkekani. Akamtazama binti yake kama mtu aliyeshuka safari.

"Mwanarusi. Nina njaa."

Mwanarusi alimkumbatia, akalia, akamwita Mungu, akakimbilia jikoni akarudi na uji. Alipokuwa akimnywesha, redio ilikuwa ingali inasema pale kichwani. Leo hapakuwa na ngoma ya kuzima maneno, na kila neno lilisikika. Bi Mwanapili akauzuia mkono wa binti yake, kijiko hewani.

"Huyo nani?"

"Ni Twaiba, mama. Wa redio."

Kizee akasikiliza. Uso wake ukabadilika.

"Huyo haigizi, mwanangu. Hayo ndiyo maneno yangu ya siku ile ya ngoma. Inuka upesi, waite kaka zako, waambie watu wasadiki. Mmoja tu akisadiki akasema mbele ya watu, atatoka."

Mwanarusi alikuwa amesikia. Alimsikia vizuri sana. Akaitazama redio kwa muda, akazikumbuka ngazi za Ukunda na vumbi la buibui lake, na ile shukrani aliyoitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Kisha akanyoosha mkono, akazungusha kidude cha sauti mpaka redio ikanyamaza.

"Ni maigizo tu, mama," alisema. "Kunywa uji wako."