Nilichanjwa Kimyakimya, Kinyozi Akanisubiri

"Wewe ulichanjwa. Nilikuona."

Mke wa Kinyozi aliniambia hivyo katikati ya korido ya hospitali, mbele ya wenzetu wawili wa grupu waliokuja na mifuko ya matunda.

Wale wenzetu wakanigeukia. Nilitamani ardhi ipasuke nidumbukie mzimamzima.

Jamani, naomba mnisome mpaka mwisho. Mkitaka kunitukana, komenti ziko wazi na sitafuta hata moja.

Mimi nakata vioo. Madirisha, meza, makabati ya dukani. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha, ila ninachokipenda kufa ni hali ya hewa.

Ndiyo, tupo watu wa hivyo! Wengine wana mpira, sisi tuna mawingu.

Tuna grupu la watu arobaini na tatu. Kila mmoja ana kipimo cha mvua kwake, na kila siku saa tatu asubuhi tunaandika: milimita ngapi, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje. Ukikosa siku moja watu wanakuulizia kama umefiwa.

Mimi ndiye admin. Walinibatiza Profesa. Shule yenyewe niliishia njiani, lakini hilo jina nililipenda kinoma. Nikiitwa Profesa nilijiona nimerefuka.

Sasa mwaka ule wa janga la korona, msimu wa mvua ulituangusha vibaya. Haukuwa ukame wala mafuriko. Haukuwa kitu chochote. Asubuhi mawingu yamejaa, mchana yamesepa. Sifuri. Sifuri. Sifuri nukta mbili. Kuna siku mmoja wetu aliandika kasikia ngurumo, tukamrukia wote kwa maswali, kumbe jirani yake alikuwa anaburuta tangi la maji!

Grupu la mvua lisilo na mvua linageuka kijiwe. Maneno yote yakahamia kwenye chanjo.

Kuna dada mmoja muuza maua, yeye alichanjwa wa kwanza. Akatuandikia kila kitu kama alivyozoea kutuandikia mvua: saa aliyochomwa, joto la mwili kila baada ya saa tatu, usiku alilalaje. Siku ya pili alikuwa mzima, anamwagilia maua yake.

Watu wakauliza, Profesa unasemaje?

Hapo ndipo nilipoharibu.

Niliandika hivi: "Ndugu zangu, sisi ni wapimaji. Hatusemi mwaka ni mkavu kwa kutazama wiki mbili. Mtu mmoja si rekodi. Tusubiri msimu uishe, tuone namba, ndipo tuamue."

Aisee, nilisifiwa! Vidole gumba vilimwagika. Muuza maua akajaribu kunielewesha kwamba madaktari walishapima maelfu ya watu kabla ya sindano kutufikia sisi, na kwamba hili halipimwi kwa kopo la juu ya paa. Nikamjibu kwa kikatuni cha kucheka.

Nikamcheka mtu aliyekuwa anasema kweli. Hiyo ni ya kwanza kwenye orodha ya aibu zangu.

Ya pili ilikuja siku iliyofuata, Jumanne. Bosi alituita wote karakana, akasema tunaingia majumbani kwa watu kupima madirisha, kwa hiyo kila mtu akachanjwe leo hii, na asiyetaka atafute kazi nyingine.

Nikaenda. Sikubisha hata kidogo.

Sindano yenyewe haikuzidi sekunde tano. Nesi akaniambia nikae robo saa kwenye kiti waniangalie. Nikatoa simu, nikafungua grupu. Watu bado wananisifia. Mmoja kaandika kwamba Profesa kamaliza kila kitu.

Nikaanza kuandika: "Wadau, mimi leo nimecha..."

Nikafuta.

Ningewaambiaje? Jana nimewaambia tusubiri, leo nimekunja shati mpaka begani! Nikajipa moyo kwamba kesho nitawaambia vizuri, nikipata maneno. Kesho ikafika, nikaandika mvua sifuri, upepo hafifu, basi.

Sasa niwaambie kuhusu Kinyozi.

Kinyozi ndiye mpimaji bora kuliko sote. Kipimo chake kiko juu ya paa la saluni yake, na kila asubuhi hupanda ngazi kabla hajafungua mlango. Ananizidi miaka kama kumi na tano, mimi namwita kaka, yeye ananiita mdogo wangu. Ana pumu. Na kazi yake ni kuinamia nyuso za watu kutwa nzima... pua kwa pua.

Siku mbili baada ya sindano yangu nilikwenda kunyolewa. Alipokuwa ananifunga kitambaa shingoni, mkono wake ukanigusa bega. Nikashtuka kwa maumivu.

"Umeumia?" akaniuliza.

"Kioo kizito, kaka. Nilikibeba vibaya."

Mnaona jinsi uongo ulivyotoka fasta? Wala sikuufikiria.

Akaninyoa upande mmoja. Kisha akazima mashine, akasimama mbele yangu. Aliniambia mke wake anamsumbua kila siku aende kuchanjwa, kwa sababu ya kifua chake na kazi yake. Yeye mwenyewe hajui amsikilize nani.

"Mdogo wangu, tuko wawili tu hapa. Niambie. Niende?"

Bega lilikuwa linanipwita chini ya kile kitambaa.

"Tusubiri msimu uishe, kaka."

"Haya. Mimi nasubiri na wewe."

Akawasha mashine, akaendelea. Alinichonga vizuri siku hiyo, na hela akakataa kuchukua.

Ndugu zangu, msimu uliisha bila mvua ya maana, na Kinyozi akaanza kukohoa wiki ya mwisho. Siku ya nne saa tatu ikafika hajaandika kitu. Saa nne kimya. Saa tano mke wake akaandika kwa simu ya mumewe kwamba amelazwa, hapumui vizuri, tumwombee.

Grupu zima likaandika amina. Na mimi nikaandika. Vidole havikutetemeka hata kidogo, na hilo linanichoma hadi leo.

Alikaa siku tisa hali ikiwa mbaya. Ya kumi tukaambiwa ana nafuu kidogo, tunaweza kwenda. Ndipo nikakutana na shemeji koridoni, akaniambia yale niliyoanza nayo hapo juu.

"Nilikuona," akarudia, pole pole. "Jumanne ile. Mimi nilikuwa benchi la nyuma yako, nasubiri zamu yangu."

"Shemeji, mbona hukuniita..."

"Nikuite wa nini? Nilifurahi. Nilijua mume wangu sasa atakubali."

Akanisimulia bila kupandisha sauti. Alikimbia nyumbani kumpa mume wake habari njema, kwamba hata Profesa wako kachanjwa, nimemwona kwa macho yangu. Kinyozi akakataa. Akamwambia ameona mtu mwingine, kila mtu siku hizi ana barakoa. Shemeji akashikilia, akamtajia mpaka rangi ya shati langu. Siku mbili wakabishana mpaka Kinyozi akasema ataniuliza mwenyewe.

Akaniuliza kweli. Si mnakumbuka?

Aliporudi kutoka saluni siku ile, alimwambia mke wake kwamba ameniuliza ana kwa ana, na mimi bado nasubiri. Kisha akamwita mzushi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kumwita jina baya. Tangu siku hiyo walikuwa wanasalimiana tu, na chakula kila mtu anakula saa yake, mpaka asubuhi shemeji alipomkuta ameshikilia ukuta anatafuta pumzi.

Mimi nilidhani kosa langu ni kumchelewesha mtu sindano. Kumbe nilikuwa nimeingia hadi mezani kwao!

Wale wenzetu wawili waliweka matunda kwenye kiti, wakaondoka bila kuniaga.

Shemeji akaniambia niingie. Hakunisukuma wala hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye hatamwambia tena, zamu yangu imefika.

Nikavaa gauni la hospitali, nikaingia. Kinyozi alikuwa amekonda, mrija wa oksijeni puani, ndevu zimemjaa usoni, yeye ambaye hakosi kujinyoa. Aliponiona akatabasamu. Akaniuliza msimu umefunga na milimita ngapi.

Nikavuta kiti.

"Kaka... mimi nilichanjwa."

Tabasamu likatoweka taratibu.

"Lini?"

"Jumanne. Wiki ya pili ya msimu."

Akafikiri. Nilimwona anahesabu siku kama anavyohesabu kwenye daftari lake.

"Kabla sijakunyoa, au baada?"

"Kabla."

Akafumba macho. Nilikaa pale nasikia mashine ya oksijeni ikinguruma. Nilikuwa tayari kwa lolote, tusi, kibao, hata kutemewa mate.

Kisha akasema, "Niitie mke wangu."

Nilijua anataka nitolewe nje. Nikamwita shemeji, mimi nikabaki mlangoni nikiinamisha kichwa.

Kinyozi akautoa mrija puani. Nesi akamkataza, hakumsikia. Akaushika mkono wa mke wake kwa mikono yote miwili.

"Nisamehe. Ulinambia ukweli, nikakuita mzushi kwa ajili ya huyu."

Shemeji akalia kwa sauti. Mimi hakuna aliyenitazama.

Kinyozi alitoka hospitali baada ya wiki tatu. Yuko hai, Mungu ni mwema, ila akimaliza kunyoa kichwa kimoja inabidi akae, na ngazi za paa hazipandi tena. Jioni ya siku ile niliyomwambia ukweli niliandika kila kitu kwenye grupu, na uadmin nikamwachia muuza maua. Wiki hiyo watu kumi na mmoja walikwenda kuchanjwa. Kumi na mmoja walikuwa wananisubiri mimi, na sikuwajua!

Wasomaji wangu, kubadili mawazo si dhambi. Mimi niliyabadilisha ndani ya siku moja. Dhambi yangu ni kwamba nilivuka peke yangu, nikawaacha ng'ambo watu walionifuata.

Ukivuka, geuka uwaambie. Waambie siku hiyohiyo, kwa maneno yoyote uliyonayo, hata wakikucheka.