Picha Isiyokauka Dirishani Kwangu

"Zélie, usiguse. Bado mbichi."

Binti yangu alikuwa amekwisha gusa. Kidole gumba chake cha miaka minne kilikuwa kimezama katikati ya Mto Seine wa kwenye picha, na sasa alikuwa akijifuta rangi ya buluu kwenye gauni.

"Iache hivyo hivyo," Anselme alisema akicheka. "Mashua moja zaidi."

Wiki ya tano hiyo tangu mchoraji huyu akodi dirisha langu la gorofa ya tatu. Kutoka hapo mji wote wa Rouen ulikuwa wake: mto, daraja, minara ya kanisa, moshi wa viwanda ng'ambo. Mimi nilihamishia mashine yangu ya kushonea mashati pembeni, nikajifanya sijali.

"Bwana wewe, hiyo picha haikauki tu?"

"Unyevu wa mto, Mama Zélie. Ikikauka, nitaifunga nipande treni ya Paris."

Nikainamia shati langu. Mfukoni nilikuwa na barua ya mama: *Msagaji nafaka wa kule Yvetot amekubali kukuoa na mtoto wako. Mjane hachagui. Nataka jibu kabla ya Jumapili.*

Ilikuwa Ijumaa.

"Mbona kimya?" akauliza.

Nikamsomea. Moyo ulikuwa ukiniambia atasema kitu, chochote kile. Alifuta brashi kwa kitambaa muda mrefu mno.

"Msagaji ana nyumba," alisema mwishowe. "Zélie hatalala njaa."

"Basi ndiyo hivyo?"

"Niseme nini mimi? Nina masanduku mawili na dirisha la kukodi."

Nilichukua kikapu nikatoka kabla machozi hayajaniaibisha. Mafuta yake ya kuchanganyia rangi yalikuwa yameisha, na duka la Mzee Quesnel, muuza rangi, liko njia ya sokoni.

"Ya mbegu za maua ya mipopi tena?" Mzee Quesnel aliinua miwani. "Mwanangu, mwambie huyo bwana, akitaka picha ikauke achukue ya mbegu za kitani. Haya ya mipopi hukawia kukauka. Nilimweleza tangu wiki ya kwanza, akacheka tu."

"Labda hakuelewa."

"Mchoraji wa miaka ishirini asielewe mafuta? Tena wenzake huichora picha ya mto kwa siku mbili, wakaibeba ikiwa mbichi. Hata pini za kubebea nilimuuzia, zile za kutenganisha turubai za picha mbichi zisigusane."

Sikumbuki nilivyopanda ngazi zile.

Anselme alikuwa amesimama mbele ya picha, mikono mitupu. Nilifungua sanduku lake bila kuomba ruhusa. Chini kabisa, ndani ya karatasi ambayo haijafunguliwa, zilikuwa pini nne. Nikaziweka mezani.

"Ungeweza kuondoka lini?"

"Honorine..."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu.

"Nimekuuliza, lini?"

"Siku ya tatu. Picha iliisha siku ya tatu."

"Na hizi wiki zote unapaka nini?"

"Ukungu. Asubuhi naongeza ukungu, jioni naupunguza." Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Siku ile ulinipa supu, ukaniambia nimekonda kama kijiti cha brashi. Nikaenda kununua mafuta yanayokawia."

"Mtu mzima unamdanganya mjane kwa mafuta."

"Ningekuambia. Halafu ikaja barua ya huyo msagaji."

"Msagaji hajawahi kupanda ngazi zangu." Nilizisukuma pini kando. "Niulize wewe."

Zélie aliacha kula mkate, akatutazama.

"Utakubali mtu wa masanduku mawili?" Anselme akauliza.

"Chumba changu ni kidogo. Mawili yanatosha."

Nilivuta kiti, nikamwandikia mama: *Mshukuru msagaji. Dirisha langu lina mtu.*

Anselme alisoma juu ya bega langu, kisha akachukua zile pini akazirudisha kwenye karatasi yake.

"Kesho nikanunue mafuta ya kitani?"

"Ya nini?" nikamwambia. "Iache ikauke taratibu."

Tulioana mwezi wa Septemba. Picha iko juu ya kitanda chetu, na kidole cha Zélie bado kinaelea mtoni, kinaelekea darajani.