Nilimtupa Paka Nje, Nikampoteza Mama Mkwe

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto wanne, mkulima wa hapa Ringwani. Nimeosha mikono yangu mara nyingi, lakini kinyaa hakitoki...

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu. Kule tulikotoka mji wa mtu ulikuwa mbali na wa mwenzake. Hapa tulipangwa kwa mistari, na mbwa wa kila ukoo wakazurura pamoja. Mama mkwe wangu, Bhoke, alihama na paka wake wa kijivu.

"Nyangi mwanangu," aliniambia, "huyu umfungie ndani. Huko nje kuna mbwa tusiowajua."

Lakini paka wa ndani hunya ndani! Alijisaidia kwenye majivu ya jikoni. Asubuhi nikichochea moto, harufu ilinipanda puani, na mimi nilikuwa na mimba changa. Nilitapika mpaka nyongo.

Basi mama alipokwenda shamba la kijiji, nilimtupa paka nje. Nikamwingiza kabla hajarudi. Akiuliza, nilisema ameshinda ndani.

Siku moja paka alirudi na jeraha shingoni. Nilimfuta damu kabla mama hajarudi.

Wiki kadhaa baadaye akabadilika. Sauti ikakwaruza, mate yakamning'inia kama ute wa bamia. Nikamkuta amelala kwenye ungo wa unga wa mtama, unga umelowa! Mama alipomwinua kwa upole, akamng'ata kidole gumba. Hakuachia mpaka mume wangu alipomuua kwa mchi.

Na mimi nilifanya nini? Nilikwangua unga uliolowa, uliobaki nikausongea ugali. Tulikula...

Mume wangu alitaka kumpeleka mama zahanati. Nikasema paka hatoki nje, atakuwa na ugonjwa gani? Tukamfunga majani kidoleni.

Miezi miwili haikuisha, mama akashindwa kunywa maji. Akiona kata ya maji tu, koo lilimkaza, akatetemeka mwili mzima. Alikuwa mwanamke msafi sana, lakini alikufa mate yakimtiririka kifuani, nami nikiyafuta kwa kanga na kugeuza uso. Niligeuza uso, wasomaji! Kwa mtu aliyeniita mwanangu!

Siku ya matanga Robi, jirani na rafiki yangu mkubwa, alinivuta pembeni akilia. Akakiri kwamba mbwa wao aliugua, akamng'ata paka wetu mbele ya macho yake, mbwa huyo akafa siku ya tatu, wakamfukia kimyakimya.

"Niliogopa balozi wa nyumba kumi angeamuru mbwa wetu wote wauawe," alisema.

Nilimtemea mate miguuni. Lakini nilipoondoka nilijiuliza, kati yetu ni nani mchafu zaidi? Yeye alificha mbwa. Mimi nilidanganya, na uongo wangu ndio uliomzuia mama kupata sindano ya kichaa cha mbwa.

Nawasihi, mfungieni paka wenu ndani. Mwekeeni mchanga kwenye karai kuukuu, muutupe kila siku. Akimng'ata mtu, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni, mkimbilie hospitali siku ileile. Na ukiulizwa paka alikuwa wapi, sema kweli.

Mume wangu hupenda kusoma ukurasa huu. Baba Chacha, ukifika hapa, uje uniulize. Sitakudanganya tena.