Mchungwa wa Elena na Ufagio

Kila asubuhi Elena hufagia uwanja wake mpaka unang'aa. Huko Aroi, karibu na mji wa Arua, mwanamke husifiwa kwa uwanja wake, na wa Elena hauna mshindani. Hufagia mpaka chini ya mchungwa, jani hata moja halibaki.

Mchungwa huo aliutoa Koboko, kwa mama yake, mwaka alioolewa na Alionzi. Ulikuwa mche wa kubeba kwa mkono mmoja. Sasa mama hayupo. Kumbukumbu yake ni mti huo tu.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali. Majani yalijikunja, kisha yakaanguka. Alionzi naye alikuwa na tanuru la matofali linalongoja kuni.

"Mama Patience, mti hii imekufa," alimwambia Elena. "Jumamosi mimi nakata."

Elena alivaa kandambili, akaenda kumwita Scovia, afisa wa kilimo.

Scovia alikwaruza gome kwa ukucha. Ndani palikuwa kijani kibichi.

"Haikufa," alisema. "Iko na akili. Jani iko na milango madogo sana, maji inatokea hapo. Mizizi ilikosa maji, ikatuma habari kwa majani: funga milango. Kiangazi ikazidi, mti ikaangusha majani, maji ibaki ndani."

"Mti haina kichwa," Alionzi alisema. "Nani anatuma habari?"

"Maagizo iko ndani yake, ilirithi kwa wazazi. Inaitwa jeni. Na jeni iko na koo, kama sisi watu. Ukoo moja inasikia ukavu, ingine inapeleka habari, ingine inafunga milango."

Alionzi aliutazama mti kama mtu anayemtazama mgeni aliyemdharau bila kumjua.

"Ni jua tu inaitesa?" Elena aliuliza.

Scovia alionyesha mizizi iliyotokeza juu ya ardhi. "Na ufagio yako, mama. Unafagia majani, unafagia na udongo. Mizizi iko uchi."

Elena aliona haya sana. Miaka yote hiyo alidhani anautunza.

Siku hiyohiyo walifunika mizizi kwa udongo. Juu yake walitandaza mabua ya simsim, wakaacha nafasi kuzunguka shina ili gome lisioze. Kila jioni Elena alimwaga jerikeni ya maji chini ya ncha za matawi. Alionzi alichoma matofali kwa magogo ya mkaratusi, akinung'unika kidogo.

Mvua za Aprili ziliponyesha, majani yalichipua. Maua meupe yakafuata, uwanja mzima ukanukia. Elena alilia kwa furaha, wala hakujificha.

Wiki hiyo Rejoice, mdogo wake Elena, alikuja kutoka Koboko. Asubuhi, kama mgeni mwenye adabu, alichukua ufagio akaelekea kwenye mabua. Alionzi aliinuka kitini, akamshika mkono taratibu.

"Shemeji, fagia kila mahali," alisema. "Hapo acha. Mti iko kazini."